Mchoro uliosubiri aibu ya Pentium

Agosti 2026 inatimia miaka 40 tangu Randal Bryant wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, achapishe makala yake kuhusu michoro ya maamuzi. Kwa miaka mingi ilikuwa miongoni mwa makala zilizonukuliwa zaidi katika sayansi ya kompyuta. Leo si ajabu kukutana na mhitimu anayeizungumzia akili mnemba kutwa nzima, na michoro hii hajawahi kuisikia.

Wazo lenyewe, la kueleza kazi ya sakiti kwa mchoro wa maswali ya ndiyo na hapana, halikuanza na Bryant. C. Y. Lee wa maabara za Bell alilitoa mwaka 1959, na Sheldon Akers akaliendeleza mwaka 1978. Alichofanya Bryant ni kuweka masharti: maswali ya ndiyo na hapana yafuate mpangilio mmoja katika kila njia, matawi yanayofanana yaunganishwe, na swali lisilobadili jibu liondolewe. Hapo sakiti mbili zinazofanya kazi ileile hutoa mchoro mmoja, hata kama waya zake zimepitishwa kwingine kabisa. Mhandisi analinganisha michoro, basi.

Kinachosumbua ni mpangilio. Makala ya 1986 ina mfano wa fomula unaohamishika hadi arusini. Umealika jozi 20 za mume na mke, unataka kujua kama kuna hata jozi moja iliyofika yote. Ukiuliza habari za mume, kisha mkewe hapohapo, ndipo uende jozi inayofuata, mchoro wako unakuwa na nodi, yaani vituo vya maswali na majibu, 42. Ukianza na waume wote 20 ndipo urudi kwa wake, itakubidi ukumbuke kila mume aliyefika na asiyefika, na nodi zinafika 2,097,152.

Mwaka 1987 Ken McMillan, mwanafunzi wa hapohapo Carnegie Mellon, aliona kwamba michoro hiyo inaweza kubeba hali zote za mashine kwa mkupuo. Yeye na wenzake wakakagua mifumo yenye hali zaidi ya 10 kwa kipeo cha 20.

Viwanda vilizinduka kwa aibu. Mwaka 1994 Profesa Thomas Nicely wa Lynchburg College, Virginia, alikuwa akifanya hesabu za nambari tasa pacha, majibu yakamgomea. Akachuja sababu moja baada ya nyingine hadi akabaki na chipu ya Pentium ya kampuni ya Intel. Ukigawanya 4,195,835 kwa 3,145,727 unapaswa kupata 1.33382; Pentium ilitoa 1.33374. Ndani ya chipu, jedwali la kugawanyia lilikuwa limekosa thamani tano.

Intel walikuwa wameshaligundua kosa hilo kimyakimya. Lilipofichuka walisema mtumiaji wa kawaida angekutana nalo mara moja katika miaka 27,000, na aliyetaka chipu mpya aeleze kwanza anaihitaji kwa nini. Kwa mteja aliyelipa fedha zake, hiyo ilikuwa dharau. IBM nao wakapiga hesabu yao, wakapata siku 24, na Desemba 12 wakasitisha kusafirisha kompyuta zenye chipu hiyo. Desemba 20 Intel wakasalimu amri. Hasara: dola milioni 475.

Mwaka 1996 Bryant akatia chumvi kwenye kidonda. Alionyesha kwamba Intel wangeweza kuyakamata makosa ya jedwali lile kwa michoro yake, kwa kukagua hatua moja ya ugawanyaji, na kwamba michoro hiyohiyo ingeweza hata kulitengeneza jedwali sahihi. Hakusema michoro inaweza yote: tangu 1986 alikuwa amethibitisha kwamba kuzidisha huifurisha kwa mpangilio wowote ule.

Kuna pia michoro ambayo mwishoni mwake hakuna ndiyo wala hapana, bali namba. Namba za mstari na safu huandikwa kwa 0 na 1, kila tarakimu ikawa swali, na matriki kubwa yenye marudio mengi ikatosha katika nodi chache. Programu ya PRISM, inayokagua mifumo yenye mambo ya bahati, imejengwa juu ya hilo.

Tangu 1999 njia nyingine za kutatua fomula zimechukua sehemu kubwa ya kazi ya ukaguzi. Michoro imehamia kwingine: watafiti wa Linz, Austria, wameitumia kuiga kompyuta za kwantamu, ambazo matriki zake huongezeka maradufu kwa upana na kwa kimo kila kyubiti (biti ya kwantamu) moja inapoongezwa.