Kuskani si Kusoma: Funzo la Nyaraka za Gacaca, Kigali

Mahakama za Gacaca zilipofungwa rasmi Juni 2012, baada ya kusikiliza kesi zipatazo milioni 1.9, ziliacha hazina ya kurasa zinazokadiriwa kufikia milioni 60, iliyokusanywa Kigali. Sehemu kubwa iliandikwa kwa mkono, kwa Kinyarwanda, na waandishi waliotoka miongoni mwa inyangamugayo, mahakimu waliochaguliwa na wananchi. Historia hiyo ndiyo ipasayo kuongoza uteuzi wa programu ya kuskani.

Utambuzi wa matini ulikuzwa kwanza kwa herufi za chapa. Mbele ya mwandiko uliofifia, hubahatisha. Majina Nsengimana na Nsengiyumva yana herufi sita za mwanzo zilezile. Programu ikikosea zilizobaki, shahidi aweza kuwekwa mahali pa mshtakiwa. Kwa hiyo kigezo cha kwanza si kasi. Programu ifaayo huhifadhi taswira ya ukurasa bila kuibadili, huweka matini kando yake, na humwezesha mjuzi wa Kinyarwanda kusahihisha, kila sahihisho likiwekewa kumbukumbu. Matini ni ya kutafutia. Ushahidi hubaki katika daftari na taswira yake.