Kompyuta ya michezo Garissa: Joto na umeme kwanza

KIJANA wa Garissa anayedunduiza fedha ili aunde kompyuta ya michezo aghalabu huanza na kadi ya picha, kwa kuwa ndiyo inayosifiwa na ndiyo ghali kuliko vipuri vingine. Katika mji huu wa kando ya Mto Tana, ambako joto la mchana hupita nyuzi 36 miezi ya Februari na Machi, hesabu yapasa kuanzia kwingine.

Feni haiwezi kuipoza prosesa ikawa baridi kuliko hewa ya chumba. Prosesa inayozidi joto la chumba kwa nyuzi 50 itafika nyuzi 74 katika chumba chenye nyuzi 24 jijini Nairobi. Garissa, katika chumba chenye nyuzi 37, prosesa iyo hiyo itafika 87. Nyingi hujipunguzia kasi zikikaribia 95 au 100. Hapo mchezo huanza kukwamakwama, na mwenyewe hudhani ameuziwa bandia.

Isitoshe, umeme wote unaotumiwa na mashine huishia kuwa joto chumbani. Core i9-14900K huweza kula hadi wati 253 na RTX 4090 wati 450. Jumla ni 703, mithili ya jiko dogo la umeme chini ya paa la mabati. Ryzen 5 7600 imekadiriwa wati 65 na RTX 4060 wati 115, nazo zatosha kwa michezo mingi, ya kandanda na ya vita, kwenye skrini ya kawaida. Mwenye busara hatapita hapo.

Kasha liwe na uso wa wavu na vichujio vinavyotoka na kuoshwa, maana vumbi halibishi hodi. Yale ya kioo mbele tuwaachie wapiga picha. Feni za kuingiza hewa zizidi za kuitoa, ili vumbi lisifyonzwe kupitia nyufa. Kipozaji cha maji kina pampu, na pampu ikifa fundi wa kuihuisha ni adimu. Feni hubadilishwa kwa dakika chache.

Pawasaplai, kile kisanduku cha ndani kinachogawa umeme, ndicho kipuri ambacho wengi hukibania fedha. Kikiungua, huweza kuondoka na ubao mkuu. Mtambo wa sola wa megawati 50 uliozinduliwa Garissa Desemba 2019 hulisha gridi ya taifa, lakini si kinga ya umeme kupanda na kushuka nyumbani. Nunua UPS yenye kidhibiti cha volteji, na usome wati wala si VA: iliyoandikwa VA 650 aghalabu hubeba wati 360 hadi 390 pekee.

Mashine ikiungwa Nairobi, kwa mfano katika maduka ya Luthuli Avenue, mwagize fundi aichomoe kadi ya picha na kuifunga katika boksi lake kabla ya safari hiyo ya zaidi ya kilomita 350. Uzito wake huweza kuvunja tundu lake basi likirukaruka.