Kaburi la mawe la Loughcrew

Mara nyingi tunasikia kwamba taifa lisilo na maandiko halina historia. Twende basi Irlandi, kisiwa cha Ulaya, juu ya vilima vya Loughcrew. Huko, yapata miaka 5000 iliyopita, watu wasiojua kuandika wala kufua chuma walirundika mawe, wakajenga makaburi makubwa. Ndani ya moja mna njia nyembamba na vyumba. Humo waliweka mifupa ya wafu iliyochomwa. Mwezi wa tatu na wa tisa, mchana na usiku vinapolingana, jua la asubuhi huingia mpaka jiwe la nyuma, lililochongwa alama mfano wa jua. Basi watu hao walijua majira, wakaheshimu wafu wao. Nasi tuwaulize wazee wetu habari za makaburi yetu, kabla hawajatuacha.