Masafa Baina ya Maskati na Unguja

Baina ya Maskati na Unguja, kwa njia iliyonyooka ya angani, pana kilomita zipatazo 3,900, na ndege za zama zetu huzimaliza kwa saa tano na kitu. Masafa hayo ndiyo yale yale waliyoyakata wazee wetu, ila wao hawakuyahesabu kwa saa. Waliyahesabu kwa pepo.

Upepo wa kaskazi uliposhika, mnamo Desemba, majahazi ya Uarabuni yalitweka matanga kuelekea kusini yakiwa yamesheheni tende, chumvi na samaki mkavu, na safari, upepo ukiwa mwema, ilichukua majuma matatu au manne. Lakini yakishafika hayakuweza kurejea mpaka kusi ianze, mwezi wa Aprili. Kwa hiyo mabaharia walikaa Unguja miezi, wakiuza na kununua, wakipakia karafuu, pembe na boriti za mikoko, na, kwa aibu ya zama zile, wanadamu waliotiwa utumwani. Wengi katika kungoja huko walioa wakazaa, na watoto wao wakanena Kiswahili kabla ya Kiarabu. Udugu wa pwani hizi mbili, basi, haukufumwa na safari peke yake, bali na ule muda wa kuusubiri upepo.

Hata hivyo, masafa hayo hayo yalikuwa mzigo mzito kwa dola. Sayyid Said bin Sultan, aliyeifanya Unguja kuwa makao yake ilhali Maskati ingali chini ya amri yake, aliondoka Maskati Septemba 1856 katika merikebu yake Victoria, na yasimuliwa kuwa aliamuru zipakiwe mbao za jeneza. Tarehe 19 Oktoba alifariki dunia baharini, karibu na visiwa vya Shelisheli, na mwanawe Barghash, aliyekuwa pamoja naye, akauleta mwili Unguja kuzikwa. Habari ya msiba huo haikuwa na njia ya kufika Maskati ila kwa chombo cha baharini. Miongoni mwa wana wa Said, Majid alikuwa ameshika Unguja na Thuwaini Maskati, wala ndugu hao hawakuafikiana. Hata mwaka 1861 Lord Canning, mtawala wa Kiingereza huko Uhindi, akakata shauri kila nchi iwe dola mbali, na Unguja iilipe Maskati reale 40,000 kila mwaka.

Meli za moshi, zilizoanza kuja Unguja kutoka Aden kwa ratiba mwaka 1872, zilianza kuvunja amri ya pepo. Ndege zikaimaliza kabisa. Leo msafiri hupaa Maskati asubuhi akala chakula cha mchana Unguja, iwe kaskazi au kusi, na hapana upepo unaomlazimisha kukaa hata siku moja.

Hiyo ni neema, wala hapana mwenye akili atakayetamani kurejea katika hatari za bahari. Lakini yale yaliyoletwa na msimu bila ya mtu kukusudia, sasa hayaji ila kwa kukusudiwa. Kwa hiyo, ewe msomaji mwenye jamaa ng'ambo ile, usiende kwao ukarudi kama aliyekwenda sokoni: kaa nao, uwaulize nasaba, uyaandike wayasemayo wazee, na watoto wako wajuane na watoto wao.