Tumbo lililokatwa: kutoka vidonda vya milimani hadi sahani ya bugali

KAVIMVIRA, UVIRA – Habari kwamba kuna watu Nairobi au Dar es Salaam wanaolipa pesa ili wapunguzwe tumbo huchekesha wengi hapa Kavimvira, mtaa ambao tangu mafuriko ya Aprili 2020 hadi vita vya karibuni umezoea kuhesabu wanaolala bila kula. Lakini operesheni hiyo ina ukoo, na ukoo huo una ndugu katika milima ya huku.

Mwanzo wake ni Vienna, Austria. Tarehe 29 Januari 1881 daktari mpasuaji Theodor Billroth alimkata mama mmoja sehemu ya mfuko wa chakula iliyokuwa na kansa, akaunga iliyobaki na utumbo. Kidonda kilipona, mama akala tena, ingawa kansa ilimrudia na kumwua baada ya miezi michache. Ikajulikana kwamba mtu anaweza kuishi na nusu ya mfuko.

Katika karne ya 20 kisu hicho kilitumika sana kwa vidonda vya tumbo. Mwaka 1975 F. I. Tovey na M. Tunstall walichapisha uchunguzi wao juu ya vidonda hivyo Afrika, kusini mwa Sahara. Kati ya maeneo yenye wagonjwa wengi walitaja milima inayogawa maji ya Nile na ya mto Congo: Rwanda, Burundi na upande huu wa mashariki ya Congo. Yaani majirani wa Ruzizi. Ndiyo maana mzee mwenye kovu refu katikati ya tumbo, anayekula matonge matatu kisha ananawa, si ajabu huku. Watoto hudhani amekasirika.

Wagonjwa wa aina hiyo walikuwa wamemfundisha jambo Edward Mason, mpasuaji wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani. Aliona kwamba wanawake waliokatwa kwa sababu ya vidonda walikonda, wala hawakunenepa tena kwa urahisi. Mwaka 1966 yeye na Chikashi Ito wakaanza kuwafanyia hivyo, kwa makusudi, watu wanene kupita kiasi. Kukonda kulikomsikitisha mgonjwa wa vidonda kukawa dawa ya mwingine.

Mwaka 1982 Barry Marshall na Robin Warren, kule Australia, walifaulu kumkuza katika maabara bakteria anayeleta vidonda vingi. Mwaka 2005 wakapewa tuzo ya Nobel. Vidonge vikachukua nafasi ya kisu. Waliokwisha kukatwa walibaki na mfuko wao mdogo.

Mfuko mzima hupokea lita moja na zaidi. Operesheni ya Mason, jinsi inavyofanywa leo, huacha kipande cha karibu mililita 30, sawa na vijiko viwili vya mezani. Chakula, hasa Fanta au chai yenye sukari nyingi, huporomoka mbio hadi utumboni. Kabla ya nusu saa moyo unadunda, jasho linatoka, kichwa kinazunguka, pengine mtu anaharisha. Saa moja hadi tatu baadaye sukari ya damu yaweza kushuka, akatetemeka. Aliyekatwa kwa vidonda hupata hayohayo. Hapo jirani atasema ni karuho, na macho yote yatamgeukia mama aliyepika. Ni vizuri familia ijue kabla ya kufika huko.

Kisha kuna bugali. Huku tonge la muhogo halitafunwi. Linachovywa kwenye mchuzi na kumezwa. Kwa mfuko mdogo tonge hilo hukwama kama kizibo. Aliyekatwa huanza na samaki au maharage, ndipo bugali, kipande kidogo kama punje ya karanga, kikitafunwa hadi kilainike. Maji husubiri nusu saa baada ya chakula. Hula mara tano au sita kwa siku, kidogo kidogo: ndagala zilizotwangwa, mukeke wa kuchemsha uliotolewa miiba, sombe laini. Wala si adhabu. Anayetafuna polepole huonja mawese na chumvi ya samaki ambavyo mwenye kumeza hupita navyo mbio. Ila sahani ya pamoja, yenye mikono minane, haimfai. Apewe yake ndogo, na asilazimishwe kuongeza.

Kwa waliokimbia makwao shida ni kubwa zaidi, kwa sababu sufuria huwekwa motoni mara moja tu, jioni. Mwenye mfuko mdogo hawezi kumaliza fungu lake, na asubuhi hakuna kitu. Maharage yake yawekwe kwenye kikopo chenye kifuniko, yapashwe moto hadi yachemke kabla hajala tena.

Jambo jingine huchelewa kuonekana. Mfuko uliokatwa hausaidii tena mwili kuchukua vitamini B12 ipasavyo, hata kama mtu anakula ndagala kila siku. Akiba iliyo katika ini yaweza kudumu miaka. Ikiisha, miguu inakufa ganzi, damu inapungua, mtu anachoka bila kazi. Dawa ipo, ni sindano ya vitamini hiyo, lakini muuguzi hawezi kuifikiria kama hajui habari ya operesheni. Ambaye karatasi zake za hospitali zilibaki nyumbani siku ya kukimbia, aonyeshe kovu kwenye kituo cha afya na kutaja mwaka aliokatwa.