Elimu na pato la taifa: asilimia inahesabu nini?

Mtaa wa Darsait mjini Muscat, Oman, ni jirani na Ruwi na Mutrah. Humo zimo shule mbili kubwa za jumuiya ya Wahindi: Indian School Muscat, iliyoanzishwa mwaka 1975, na Indian School Darsait ya mwaka 1992. Wanafunzi wake ni maelfu, na karo hulipwa na wazazi. Kwa hiyo inapotangazwa kwamba serikali ya Oman imetumia asilimia fulani ya pato la taifa kwa elimu, karo za Darsait hazimo.

Asilimia hiyo hupatikana kwa kuchukua fedha ambazo serikali imetumia kwa elimu katika mwaka mmoja, tangu mishahara ya walimu hadi vitabu na majengo, na kuzigawa kwa pato la ndani, yaani thamani ya bidhaa na huduma zote zilizozalishwa ndani ya mipaka ya nchi. Jasho la mgeni afanyaye kazi Muscat huhesabiwa katika pato hilo, ilhali karo ya mwanawe haihesabiwi katika matumizi ya serikali. Sensa ya mwaka 2020 ilionyesha kuwa karibu watu wanne katika kila kumi nchini Oman si raia. Pengo hilo, basi, si dogo.

Kigezo hiki kina udhaifu mwingine. Tuseme serikali inatumia 5 katika kila 100 ya pato. Pato likipanda hadi 125 na bajeti ya elimu isibadilike, asilimia hushuka kutoka 5 hadi 4, ingawa hakuna mwalimu aliyeachishwa kazi wala darasa lililofungwa. Katika nchi ya mafuta jambo hilo ni la kawaida. Mwezi Julai 2008 pipa moja lilifika dola 147. Kabla ya mwaka kwisha lilikuwa limeshuka chini ya dola 40. Bei inapoporomoka hivyo, nchi huweza kuonekana imeongeza juhudi katika elimu kwa sababu tu imekuwa maskini zaidi.

Afrika Mashariki iliyaona hayo bila hata tone la mafuta. Mwezi Septemba 2014 Kenya ilisahihisha namna ya kukokotoa pato lake, nalo likaonekana kubwa zaidi kwa takriban robo. Tanzania ikafuata Desemba mwaka huohuo. Shule zilibaki zilivyokuwa. Asilimia ndiyo iliyopungua.

Mwaka 2015, chini ya uongozi wa shirika la UNESCO, mataifa yalikubaliana kutenga kati ya asilimia 4 na 6 ya pato, au asilimia 15 hadi 20 ya matumizi yote ya serikali. Malengo hayo mawili si sawa hata kidogo. Serikali inayotumia 15 tu katika kila 100 ya pato, kwa kuwa kodi inayokusanya ni ndogo, inaweza kuipa elimu sehemu moja ya tano ya bajeti yake na bado ikaishia asilimia 3. Waziri wa fedha wa nchi kama hiyo akilaumiwa kwamba haijali elimu, ana haki ya kujitetea.

Iko pia gharama ambayo asilimia haiwezi kuionyesha kabisa. Sultani Qaboos alipotwaa madaraka tarehe 23 Julai 1970, Oman ilikuwa na shule tatu tu za kisasa za serikali, zenye wavulana 909 na bila msichana hata mmoja. Ofisi mpya zilihitaji watu waliosoma, na wengi wao walikuwa Waomani waliorejea kutoka Zanzibar, wakizungumza Kiswahili na Kiingereza. Waliingia wizarani, mabenki na katika kampuni ya mafuta huko Mina al Fahal, jirani na Darsait. Gharama ya kuwasomesha ilikuwa imekwisha kulipwa ng'ambo ya bahari, na wazazi wao na hazina ya Zanzibar.