Mathenge Haikuvamia Baringo, Ilialikwa

Nilipoacha chuo nilienda kukaa kwa kogo, nyanya yangu, kule Marigat. Kazi ya kwanza aliyonipa ni kutoa mathenge kwenye bustani yake ya sukuma. Nikashika panga, nikafyeka zote, nikapiga na selfie. Wiki chache baadaye kila kisiki kilikuwa kimechipuka. Kogo akacheka: "Mjukuu wangu, wewe umeinyoa tu."

Wasee, tunauita mti huu vamizi, kama vile ulikuja kwa miguu yake. Wapi! Kwao ni Amerika ya Kati na Kusini. Mwaka wa 1973 ulipandwa kwenye machimbo ya Bamburi, Mombasa, kurudisha kijani pale mawe yalikuwa yamechimbwa. Miaka ya 80 mwanzoni, serikali ikisaidiwa na FAO ikauleta Baringo. Ukame ulikuwa umebana, ardhi iko uchi, kuni ni shida. Kogo anakumbuka watu wakifurahia miche. Na tuseme ukweli, kivuli walipata, na kuni pia.

Lakini maganda yake ni matamu. Mbuzi wanakula, mbegu zinapita tumboni zikiwa nzima, zinaota popote kinyesi kinapoanguka. Malisho yakageuka kichaka cha miiba. Halafu ile sukari ikaanza kuozesha meno ya mbuzi. Mwaka wa 2006 wakaazi waliishtaki serikali, wakapeleka mbuzi kibogoyo hadi kortini Nairobi kama ushahidi. Wengi waliichukua kama kichekesho. Lakini mbuzi asiye na meno hali, na kama mbuzi ndio karo na chakula chako, hapo hakuna cha kuchekesha. Mwaka wa 2008 ndio serikali ikatangaza rasmi kwamba mathenge ni gugu hatari. Zaidi ya miaka 20 baada ya kuipanda!

Hiyo ndiyo inaniuma. Mradi una mwanzo na mwisho. Mti hauna. Walioleta miche walipanda gari wakaenda, kogo akabaki na jembe.

Na amejifunza kuishi nayo. Miche midogo anaing'oa kwa mkono mvua ikinyesha, udongo ukiwa laini. Kubwa anachimba mpaka chini ya shina, kwa sababu ukikata juu tu, inarudi na hasira. Maganda anaokota kabla mbuzi hawajayafikia, anayapeleka yasagwe, mbegu zinapondeka na mbuzi wanapata chakula. Shina linakuwa makaa au nguzo. Ua unaozunguka sukuma yake ni wa mathenge hiyo hiyo.

Mbona nawaambia haya? Kwa sababu sasa hivi Kenya inataka kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032, na sisi vijana ndio tunaitwa kushika miche. Mimi sipingi, nitaenda pia. Lakini kabla hujapiga picha na huo mche, uliza: unaitwa nani, umetoka wapi, na nani ataamka nao kila asubuhi miaka 30 ijayo?

Mimi kesho naamka na jembe. Kuna kisiki nyuma ya choo kimeanza tena.